Mashairi Niliyomzika Nayo Baba Yako

Kageha mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Kawangware kumuaga shangazi yako Loice, na ninajua ukifika kwake hutaruhusiwa kutoka kabla hajakulisha mara mbili. Kwa hiyo mchana huu ni wangu. Nimefunika cherehani, nimefunga mlango majirani wadhani sipo, nimeketi mezani na karatasi za mistari. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Lodwar kuanza kazi ya uuguzi katika wodi ya watoto. Mambo ya kuchemsha maji, ya chandarua na ya kunipigia simu ukifika, hayo nimeyasema mpaka ukaanza kuyamalizia mwenyewe. Sitayarudia hapa. Hapa nataka kuandika jambo ambalo mdomo wangu umelikataa miaka yote uliyoishi nami.

Ulikuwa na dada. Jina lake Rehema.

Najua unalijua jina hilo, na ulilijua kwa njia mbaya. Siku tuliyomzika baba yako kule nyumbani Vihiga, wewe ukiwa kidato cha tatu, shangazi yako Loice alisimama mbele ya watu akasema, "Kaka, umsalimie Rehema." Jioni ulinifuata nyuma ya jiko, bado umevaa sweta ya shule, ukaniuliza, "Mama, Rehema ni nani?" Nikakupiga kofi. Sikuwahi kukupiga usoni kabla ya hapo wala baada ya hapo, na nilichagua siku ambayo ulikuwa umetoka kumzika baba yako. Hukulia. Ulinitazama tu, ukaingia ndani. Najua Loice alikueleza baadaye, maana ulianza kunipitia kwa uangalifu, kama mtu anayepita karibu na sufuria inayochemka. Kofi lile halikuwa lako, Kageha. Naomba unisamehe. Na sasa nikueleze lilikuwa la nani.

Mimi na Jotham tulikuja Nairobi ndoa yetu ikiwa changa kabisa. Tulipanga chumba cha mabati hapa hapa Kangemi, kule chini upande wa mtoni. Yeye alipata kazi ya usoja, kulinda geti usiku kwenye nyumba za ghorofa Kilimani, mimi nikapata kona ya kuweka cherehani sokoni. Alikuwa anatembea kwa miguu. Jioni anakata Lavington mpaka Kilimani, asubuhi anarudi suruali imelowa umande hadi magotini, na kabla hajavua viatu ana mistari mipya ya kunisomea. Baba yako aliishia darasa la nane. Lakini kulikuwa na mwalimu aliyemfundisha kutunga shairi kwa kuhesabu mizani kwenye vidole, nane upande huu, nane upande ule, na tangu siku hiyo hakuacha. Alinipata kwa mashairi. Mengine sikuyaelewa, na sikujali. Nilipenda kuona vidole vyake vikigonga meza polepole huku mimi naongea, nikajua kuna neno langu limeingia kwenye mstari.

Kisha akaja Rehema. Alikulia chini ya meza ya cherehani yangu, analala juu ya vipande vya vitambaa, akiamka anatafuna futi yangu ya kupimia. Alijua kusalimia watu "sasa" kabla hajajua kusema "mama". Mteja akiinama kumtazama, yeye anatoa mkono kule chini, anasema "sasa", na asipojibiwa "poa" hamwachii huyo mtu aende. Malori ya Waiyaki Way aliyaita ng'ombe. Hizi ni habari ndogo, nazo ndizo nilizoziogopa zaidi. Kifo chake ningeweza kukiwaza nikiwa nimesimama. Hii ya futi na malori ilikuwa inaniangusha.

Alikuwa na miaka miwili na miezi kadhaa alipoanza kukohoa. Ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa, na nilikuwa na rundo la yunifomu za watoto wa watu. Jotham akasema asubuhi, "Esther, twende naye hospitali leo." Nikamwambia, "Kesho. Wacha nimalize hizi." Kesho yake nikasema tena kesho, maana alikuwa ametulia na amekunywa uji. Siku ya tatu alipumua vibaya, kifua kikiingia ndani. Tulikimbia naye. Walimpokea vizuri, walifanya walichoweza, na jioni akafariki kwa homa ya mapafu. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, alimfunga kitambaa kichwani akasema, "Rehema amelala vizuri, mama." Huyo ndiye mtu wa mwisho niliyemruhusu alitaje jina lile mbele yangu.

Daktari hakuniambia kwamba siku mbili zile zingebadilisha chochote. Mimi pia sikumwuliza. Baba yako hakusema hata neno moja, siku ile wala siku nyingine. Na kwa sababu hakusema, mimi niliamua kwamba analisema kimoyomoyo kila siku.

Tulimzika nyumbani Vihiga. Tuliporudi, nilizitoa nguo zake zote, nikamwambia Jotham, "Hilo jina lisitajwe kwangu." Akakubali. Akawaomba ndugu zake nao wakubali. Lakini mwaka ulipozunguka, asubuhi ya siku aliyozaliwa, aliingia kutoka kazini, akaketi na chai yake, akafungua daftari kubwa la jalada gumu na kuanza kunisomea. Katika shairi lile Rehema alikuwa na miaka mitatu. Alikuwa anakimbia. Nilidhani ni wazimu wa huzuni, nikamwacha amalize. Mwaka uliofuata akaandika jingine, Rehema amefika minne. Alikuwa anamkuza, Kageha. Kila mwaka shairi moja, na kila mwaka mtoto ameongezeka kimo.

Wewe ulikuwa umezaliwa tayari siku alipoleta la miaka sita. Ulikuwa mgongoni mwangu, nimekufunga kwa leso. Hili nitaliandika lote, kwa sababu ndilo pekee ambalo halikunitoka kichwani hata nilipotaka:

*Rehema katimu sita, viatu vinambana,*
*Mlangoni aniita, mguu siyo wa jana,*
*Sokoni tunapopita, mikono tumeshikana,*
*Kifo, ulitaka vita, na bado tunaonana.*

Alipomaliza nilivuta leso nikakukaza mgongoni. Nikamwambia, "Jotham, mtoto alikufa. Wacha kumnunulia viatu. Huyu hapa mgongoni ndiye anataka viatu."

Akasema, "Najua alikufa. Nilimbeba mimi mwenyewe."

"Sasa unaniandikia nini?"

"Sikuandikii wewe tu. Namwandikia yeye. Na huyu mwingine."

"Mwingine nani?"

Akafikiri, akagonga kidole mezani. "Kifo," akasema. "Kilimchukua. Lakini kumkuza, sijakubali kinizuie."

Nikamwambia kama hataacha, basi asisome tena ndani ya nyumba yangu. Nilisema nyumba yangu. Alifunga daftari, akaliweka kwenye mfuko wa kazi pamoja na tochi na koti la mvua, na kuanzia siku hiyo lilienda naye Kilimani jioni na kurudi naye asubuhi. Sikuwahi kuliona limefunguliwa tena. Kumbe wewe ulikuwa unapata baba aliyejaa kicheko, anayekufundisha kupiga mluzi na kuhesabu nyota zilizochorwa kwenye kitambaa cha godoro, na mimi nilikuwa naona tu ule mfuko. Niliona wivu, mwanangu. Niliamini anampenda aliyekufa kuliko sisi wawili tuliobaki, na niliamini kila shairi ni mashtaka juu yangu, amenihesabia siku mbili zile, nane huku na nane kule.

Unakumbuka alivyoondoka. Presha ilimwangusha akiwa anafunga kamba za viatu aende kazini. Nilikuwa hapo hapo, nachambua mboga. Katika siku za matanga sikulia vizuri, watu wakasema nina nguvu. Haikuwa nguvu, ilikuwa hasira. Jeneza lilipofika nyumbani, wanawake wakanipa nafasi ya kuketi naye peke yangu kidogo. Nikalitoa lile daftari kwenye mfuko wake. Sikulifungua. Nikaliingiza chini ya koti lake, upande wa kushoto, nikamwambia, "Haya, nenda ukamsomee." Sikumwambia kwa upendo. Nataka ulijue hilo, maana kuna watu walioniona kutoka mlangoni wakadhani ni kitendo kizuri cha mke, na nimewaacha wadhani hivyo.

Kazi ya miaka karibu ishirini. Nakala ya pekee. Nikaifunika kwa udongo mwekundu wa Vihiga, nikarudi Kangemi kushona.

Labda ningebaki hivyo mpaka leo, kama si wewe. Mwaka jana, ukiwa kwenye mazoezi ya chuo, ulirudi nyumbani jioni moja ukaketi kitandani bila kuvua viatu. Ukasema, "Mama, leo mtoto amekufa nikiwa nimemshika mkono. Mama yake hakulia. Aliniuliza tu kama nguo zake zitarudishwa." Ukanitazama. Ulikuwa unaningoja niseme kitu, kitu chochote. Mimi nikainuka nikaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Nilikusikia ukilia nyuma yangu na sikugeuka. Kofi la Vihiga nililipiga kwa mkono. Hili la pili nililipiga kwa mgongo, na nadhani liliuma zaidi.

Usingizi haukuja. Na katika kukosa usingizi nikatafuta neno la kukuambia asubuhi, nikakuta maneno yote ya namna hiyo yaliyowahi kuingia katika familia yetu yalikuwa kwenye lile daftari, na daftari liko nilikolipeleka mimi.

Asubuhi hukuniona sokoni kwa sababu sikwenda. Nilifuata njia ya baba yako. Nilitembea kutoka Kangemi, nikakata Lavington, mpaka Kilimani, na mara ya kwanza maishani nikajua alikuwa anatembea umbali gani. Pale getini nilikuta soja kijana, mgeni kwangu.

"Sasa mama. Unatafuta nani?"

"Kulikuwa na soja hapa anaitwa Jotham. Alikuwa na mwenzake, Musyoka."

"Huyo Jotham mimi sikumpata. Musyoka alitoka kitambo. Anafanya na mafundi wa fanicha huko Dagoretti Corner. Uliza mtu yeyote hapo, ako na sauti kubwa."

Nikaenda Dagoretti Corner. Nilimpata nyuma ya stendi, kwenye safu ya vibanda vya vitanda na kabati, anapiga msasa ubao wa kitanda, kichwa chake kimekuwa cheupe kwa vumbi la mbao. Nilipojitambulisha aliweka msasa chini akavua kofia.

"Mke wa Jotham," akasema. "Pole. Mimi hiyo siku ya mazishi nilikuwa kazini, hawakunipea ruhusa."

Nikamweleza yote, hata la jeneza. Sikujua kwa nini ilikuwa rahisi kumwambia yeye. Alinisikiliza akikwaruza gundi kwenye kucha. Kisha akasema, "Daftari ulizika. Lakini hizo shairi si ni zetu pia? Alikuwa ananisomea kila siku. Unadhani mtu anakaa macho namna gani mpaka asubuhi? Tulikuwa tunaimba. Ngoja." Akafumba macho, akaanza kugonga ubao kwa vidole, na sauti ya baba yako ikatoka ndani ya kifua cha mtu mwingine:

*Miaka kumi kafika, shanuo li mkononi,*
*Mama yake amechoka, amelala kitandani,*
*Mimi ndimi wa kusuka, vidole havina fani,*
*Kifo, waweza kucheka, mwanangu yu mapajani.*

Nilimwomba arudie. Akarudia. Mara ya tatu nikamwomba aanzie mstari wa pili tu. Nilikuwa nimesimama katikati ya vitanda vya kuuza na sikuweza kukaa kwenye hata kimoja.

*Mama yake amechoka.* Miaka yote ile nilidhani mimi simo humo, au nimo kama mkosaji. Kumbe nilikuwa nimelala. Alikuwa amenilaza. Mtoto anataka kusukwa nywele, na baba yake, ambaye hajui kusuka, ameamua asiniamshe.

Musyoka alikuwa na mashairi manne kamili na vipande vya mengine. Tulichukua Jumamosi tatu kuyaandika. Yeye anapiga msasa na kukariri, mimi naandika, na akikwama tunahesabu mizani pamoja mpaka neno lililopotea linajitokeza. Alinifundisha hivyo. Sikuwahi kumwomba baba yako anifundishe. Na katika yote manne nilijitafuta, nikajipata. Katika moja nashona gauni lake la kipaimara na nimekataa asilijaribu kabla sijamaliza. Katika jingine yeye na Rehema wananong'ona nyuma ya mlango, wananiandalia chai. Hakuna mahali nimeulizwa habari za siku mbili. Nilisoma kila mstari kwa kidole, Kageha. Hakuna.

Kisha Musyoka akasema, "Kuna mwenye ako na yake kwa maandishi. Mama Wambui, ile nyumba ya chini karibu na geti. Mzee wake alipokufa alikataa kula. Jotham alimwandikia."

Nikarudi Kilimani. Mama Wambui ni mwanamke mzee, wa watu wa Kikuyu ambao shamba lao la zamani sasa limejengwa ghorofa tupu, anaishi na mfanyakazi na paka wawili. Nilimwambia mimi ni mke wa Jotham, yule soja wa zamani. Uso wake ukafunguka. Akanishika mikono yote miwili.

"Wewe ndiye Mama Rehema," akasema. "Karibu. Kwani Rehema ako wapi siku hizi?"

Sikuelewa. Akaendelea, akinivuta niketi. "Jotham alikuwa ananiambia habari zake kila mara. Nilikuwa namwuliza, Rehema anaendeleaje? Ananiambia, amepanda darasa. Amekuwa mrefu. Amenikasirikia kwa sababu ya simu. Nilipokuwa na majonzi ya mzee wangu, aliniletea shairi la huyo msichana. Nikaona, kama kuna mtoto anapendwa hivi hapa duniani, wacha nile." Akacheka kidogo. "Anaitwa nani yule mdogo? Kageha. Huyo pia alikuwa anamsema sana, eti ana maswali mengi. Sasa mkubwa, alimaliza shule?"

Kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna aliyeniita Mama Rehema. Kila mtu Kangemi ananijua kama Mama Kageha, nami nilihakikisha hivyo. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia ukweli pale pale. Nilifungua mdomo kuusema. Na jibu lililotoka lilikuwa, "Hajambo. Amemaliza. Anakusalimia."

Kisha nikalia, kilio nilichokuwa nadaiwa tangu Januari ile. Mama Wambui alishtuka, akaita maji. Nilipoweza kuongea nikamwambia yote. Nilidhani atamkasirikia Jotham kwa kumdanganya miaka hiyo yote. Paka mmoja akampanda mapajani, akampapasa. Mwishowe akasema, "Hakunidanganya. Mimi niliuliza anaendeleaje, naye akanijibu." Akaenda chumbani, akarudi na Biblia, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne, mwandiko wa baba yako, ile herufi yake ya R inayolala. Hakunipa. Alinisomea, akaniruhusu ninakili, akairudisha mahali pake. Nilifurahi kwamba hakunipa. Iko salama zaidi kwake kuliko ilivyokuwa kwangu.

Sasa ninayo sita: manne ya Musyoka, la Mama Wambui, na lile lililobaki kichwani mwangu. Mengine yapo Vihiga na yatakaa huko. Nimeyanakili mara mbili, moja yangu na moja yako, na hata hivyo nakuomba uyaweke kichwani, maana mimi nimejifunza daftari linavyoweza kupotea katika mikono ya mtu mwenye hasira.

Sijui mengi ya kazi unayokwenda kufanya. Najua tu upande wa pili wa kitanda. Utakutana na mama ambaye halii, anayeuliza habari za nguo, au ambaye anataka kurudi haraka kwa sababu ana kazi ameacha. Usidhani hana moyo. Huyo ni mimi. Sikuambii umfanyie nini, wewe umesomea. Ila kama utapata dakika, muulize mtoto alikuwa anapenda nini, kisha umwache ajibu au asijibu. Mimi ningekataa kujibu. Lakini ningekumbuka kwamba niliulizwa.

Na ukishindwa, ukirudi nyumbani kwako umeketi kitandani na viatu, nipigie. Saa yoyote. Nitasema kitu. Kama sina cha kusema nitakusomea.

Desemba iliyopita, wewe ukiwa kwenye mitihani, nilikwenda Vihiga peke yangu. Nilikata majani juu ya Rehema, nikaketi katikati yao wawili na karatasi zangu. Nilimsomea Jotham mashairi yake mwenyewe. Palipokuwa na neno ambalo mimi na Musyoka tulilibuni kwa sababu la kweli limepotea, nilimwambia, "Hapa tumekisia." Nilimwambia pia habari za yunifomu, kwa sauti, kama mtu anayetoa taarifa. Shemeji yangu alikuwa anapita na ng'ombe, akasimama, akavua kofia, akaendelea na safari yake.

Na tangu wakati huo kuna jambo limenisumbua. Shairi la mwisho ambalo baba yako aliandika, Rehema alikuwa na miaka ishirini na kidogo. Baada ya hapo hakuna aliyemkuza. Amesimama pale pale alipoachwa, miaka mitano sasa, na wewe umekaribia kumpita. Sikupenda. Kwa hiyo wiki hii, mara tu barua yako ya kazi ilipokuja, nimejaribu. Unajua mimi ni mtu wa sindano, sina vina. Nimehesabu kwenye vidole mpaka wateja wakaniuliza kama kuna hesabu imenipotea. Nimepata ubeti mmoja:

*Leo nyumba ina raha, begi liko mlangoni,*
*Mmoja ana furaha, mmoja ana huzuni,*
*Rehema amshika Kageha, washuka pamoja chini,*
*Safari iwe na siha, nawatazama njiani.*

Jana nilimsomea Musyoka kwenye simu. Nikasikia anagonga ubao. Akasema, "Mama, umejaribu sana. Lakini mstari wa tatu umezidi. Mizani ni kumi hapo mwanzo, inafaa nane. Toa jina moja tu. Sema 'Amemshika Kageha', itakaa sawa kabisa."

Nikahesabu. Alikuwa na haki. Ukitoa jina moja inakaa sawa.

Nikamwambia hapana, Musyoka. Wacha izidi.

Ni mimi,
mama yenu.